Benchi la Jukwaa la Tatu

Mdogo wangu wa damu,

Hujambo huko? Kifua kimekuachia? Mimi mzima, ila magoti yamenigomea na wajukuu wanakula kama mchwa. Mwambie binti yako akusomee polepole, asiruke kitu hata akiona aibu. Kalamu unajua naishika kama mwiko. Mimi nasema, mwingine anaandika.

Stesheni kuu ndiyo imekwisha. Treni zimehamishiwa nje ya mji, na sakafu niliyoipiga deki miaka thelathini na moja sasa wanauzia simu juu yake. Chumba cha kungojea cha wanawake ni duka la viatu. Msichana wa duka aliniuliza anisaidie nini. Nikamwambia ajisaidie kwanza, pembe za duka lake zina vumbi. Ijumaa wanang'oa mabenchi, hata lile la jukwaa la tatu. Na hapo ndipo anaposhinda Twiga, yule mchukuzi wa mizigo uliyemrudishia pete ya uchumba. Hakuoa, mdogo wangu.

Sasa kaa vizuri.

Siku ile mama alipozidiwa, nilikupandisha treni isiyo yako. Ulifika nyumbani siku ya tatu, mama keshazikwa. Nikawaambia wote kwamba Twiga ndiye aliyenionyesha behewa. Nilidanganya. Mimi treni nilizijua kwa jukwaa, si kwa maandishi, na ya kwetu ilikuwa ya jukwaa la tatu siku zote. Siku ile walibadilisha, wakaandika ubaoni kwa chaki. Wewe umeshaingia, unatafuta kiti, Twiga akaja mbio akaniambia shemeji, siyo hii, soma ubao. Nisome! Mbele za watu! Nikamjibu nimefagia hapa miaka minane, asinifundishe. Akataka kupanda akushushe, nikaufunga mlango. Filimbi ikalia.

Mlipomtukana, nawe ukamvulia pete, hakujitetea. Juzi nikamuuliza kwa nini. Akasema ulikuwa umeshampoteza mama, hakutaka umpoteze na dada.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba ufike kabla ya Ijumaa, unitukane palepale, wauza viatu wasikie. Yeye utamkuta kwenye benchi.

Mwandiko huu ni wake. Tulipofika kwenye habari ya ule mlango aliweka kalamu chini, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Safari hii nilimsikiliza mpaka mwisho, ndipo nikamwambia aandike.

Wabusu watoto wote, yule mtundu mbusu mara mbili.

Ni mimi dada yako,
mfagiaji wa stesheni.