Yule Dada wa Mlango wa Chuma

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Balangdalalu tu wazima. Mama anakusalimu, mbaazi zimeanza kutoa maua, na mlima uliokuwa ukiuita jirani mwenye majivuno bado umejifunika mawingu. Nakuandikia kwa sababu ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne nyuma ya zizi, na mara zote nimeshindwa kukujibu kwa mdomo.

"Niachie mimi huyo shemeji," ulisema. "Nitamchekesha mpaka asahau kukataa."

Kabla hujampigia baba, naomba nikukumbushe jambo moja la kibanda chako cha video pale Katesh.

Unakumbuka nilipokuwa nakaa? Kwenye kreti la soda, nyuma ya bega lako la kulia. Ilikuwa likizo ya kidato cha tatu. Watu waliotoka mnadani kuja kukusikia ukitafsiri filamu waliamini wewe unajua Kiingereza chote cha dunia. Hawakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasoma maandishi ya chini ya picha na kukunong'oneza, na wewe unayatia mzaha kwenye ile maiki uliyoifunga leso ili isikorome. Niliipenda kazi ile. Maneno yangu yalisikika ukumbi mzima na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Siku ile ilikuwa filamu ya shujaa anayeruka kwa koti la chuma. Dada aliyemtengenezea koti hilo ametekwa, amefungiwa kwenye chumba cha chuma, na shujaa yuko nje anapiga mlango kwa ngumi. Dada anasema kwa utulivu kabisa: "Usivunje mlango. Ufunguo ninao." Nilikunong'oneza hivyo hivyo. Wewe ukavuta pumzi, ukabana sauti iwe ya kike, ukalia: "Vunja mpenzi, nakufa humu ndani!"

Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakatikisika. Kisha dada akatoa ufunguo kwenye kiatu, akafungua, akatoka zake akitembea.

"Aisee, si alikuwa anakufa?" aliuliza fundi baiskeli wa benchi la mbele. "Ufunguo kautoa wapi?"

"Kateremshiwa na malaika!" ukajibu, wakapiga mabenchi.

Nikakuambia sikioni, "Mjomba, hakusema hivyo."

Ukaziba maiki kwa kiganja. "Najua, mwanangu. Lakini hawa wamechoka na jua la mnadani, wanataka kucheka. Haya, sasa anasemaje?"

Alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anatazama koti lake lililopasuka begani. Mimi nikanong'ona, "Asante kwa kuniokoa." Nililitunga mwenyewe ili ufurahi. Ukafurahi, ukanipapasa kichwa. Sijawahi kukuambia.

Kidato cha sita, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuhakiki wahusika. Mhusika bapa, alisema, hupewa sifa moja akaibeba toka mwanzo hadi mwisho. Mhusika duara ana pande nyingi, na hubadilika. Mwenzetu akauliza kama hayo yanahusu na filamu. "Filamu nayo imeandikwa," akajibu, "ila kalamu yake ni kamera. Msiniambie mhusika ni mzuri. Niambieni nani anatazama, nani anatazamwa, nani anasema na nani anasemewa."

Nikairudia filamu yetu kwenye simu, kwa ile kadi ya filamu uliyoniachia ulipohamia Kahama, daftari likiwa magotini. Shujaa amepewa mama, utoto, hofu ya giza, makosa, na nafasi ya kuyajutia. Dada amepewa utulivu, basi. Shujaa tunaanza kumwona uso. Dada kamera inamwanzia miguuni, inapanda taratibu, na uso unakuja mwisho. Na yule mlinzi mweusi, mwanamke pekee anayefanana na sisi, anashinda kila pambano ila hana jina. Mwalimu alinipa alama nzuri, akaniita niisome insha yangu mbele ya darasa. Nilitikisa kichwa. Akaisoma rafiki yangu.

Kwenye insha ile kuna jambo nililiruka. Waliotengeneza filamu walimpa yule dada sentensi moja ya maana, na sisi wawili, pale Katesh, tukamnyang'anya.

Sasa mjomba, tangu nimalize shule na kurudi nyumbani naishi ndani ya neno moja: mpole. Wiki iliyopita shangazi alikuja kutoka Dongobesh. Baba akamwambia, "Huyu uuguzi ndio unamfaa. Mtoto mpole."

"Wagonjwa watampenda," shangazi akasema. "Hata sindano hawataisikia!"

"Na wala hajakataa," mama akaongeza.

Mimi nilikuwa namimina chai. Walipocheka, nikatabasamu, na tabasamu likachukuliwa kuwa jibu. Jumatatu baba anakwenda Katesh kunijazia maombi ya chuo cha uuguzi kwenye mtandao. Mama wa jirani ameshaanza kuniita nesi; juzi alinionyesha kidonda chake cha mguu, nikakitazama kwa sababu sikujua namna ya kusema siwezi. Uuguzi ni kazi ya heshima, siudharau. Ila mimi nataka kusomea habari na filamu, na katika nyumba hii hakuna anayelijua hilo. Wewe peke yako unalijua, uliye Kahama.

Ujumbe wako ulinipa furaha ya kama dakika moja hivi. Kisha nikaisikia ile pumzi unayoivuta kabla ya kubana sauti. Utamwambia baba nitakuwa nyota wa sinema na nitamjengea ghorofa. Atacheka, mtakubaliana jambo ambalo sikulisema, nami nitakuwa nyuma ya bega lako, natunga shukrani nyingine.

Kwa hiyo naomba usimpigie. Jumapili tukitoka kanisani, baba hukagua mbuzi peke yake. Nitamfuata huko. Nimejaribu mbele ya ng'ombe, na sauti imekatikia kwenye neno "baba". Huenda na siku hiyo ikakatikia hapo hapo. Huenda ikatoka yote na bado akakataa. Lakini akikataa, atakuwa amenikatalia mimi, si yule mpole wao.

Kaa salama, mjomba, na usikasirike. Hakuna aliyewahi kunikalisha karibu na maiki isipokuwa wewe. Ila safari hii usivunje mlango. Ufunguo ninao.

Mpwa wako,
wa kwenye kreti la soda