Hodi Katika Jengo la Vifungo

Sparkhill, Birmingham
14 Novemba 2006

Kwako Dada Kerubo,

Salamu nyingi, nikitumaini mguu wa Mama umepata nafuu na watoto hawakusumbui kupita kawaida yao. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Uliniuliza kama nitarudi nyumbani mkataba ukiisha, ukasema Mama anataka jibu, si porojo. Nitajibu, lakini kwanza nikueleze ninaposhinda.

Nalinda jengo tupu katikati ya mji, la enzi za Malkia Viktoria. Lilijengwa na tajiri wa vifungo vya nguo. Mbele ni udongo mwekundu wa kuchomwa, umefinyangwa maua na nyuso za watu hadi juu, kama keki ya harusi. Ndani kuna ngazi za chuma, vigae vya kijani, na ukumbi wenye paa la vioo, ambamo wanunuzi walichagua vifungo kwa mwanga wa jua, ingawa jua lenyewe huku ni la kubahatisha. Baadaye wakaingia mawakili, halafu watu wa bima, halafu njiwa. Sasa linangoja kugeuzwa nyumba za wenye nazo.

Unajua tulivyolelewa: huingii mlango bila hodi. Basi kila chumba nilikipigia hodi, huku nikijicheka. Siku moja nikasikia, "Karibu, ingiya!" Niliruka nyuma, kisha nikachungulia. Alikuwa Rosalie, Mkongomani wa Bukavu, ameletwa kusafisha. Alisema alinisikia tangu ghorofa ya chini, na kumwacha mtu bila kumwitikia ni dhambi. Tukanywa chai ngazini, akikicheka Kiswahili changu, nami chake.

Tangu hapo kila alipokuja nilibeba chakula cha watu wawili. Hata shati jipya nilinunua. Habari za mume sikuuliza, naye hakusema. Waliokimbia vita huacha mengi bila kusema. Dada, nilimpenda, na sikumwambia. Juma lililopita alikuja akicheka na kulia pamoja: mumewe, aliye kambini Kigoma, amepata viza ya kumfuata huku. Nilimpongeza kwa dhati, kisha nikapanda kwenye ule ukumbi wa vioo nikalia kama mtoto.

Kabla hajaniitikia, upweke nilikuwa nimeuzoea. Sasa siuwezi. Kampuni imenipa jengo jingine la kulinda, nimekataa. Nakuja Pasaka.

Nisalimie watoto, shemeji, na majirani wote, hata yule mwenye ng'ombe mkorofi. Na Mama mwambie najua mkono mtupu haulambwi, lakini siku hiyo asiniangalie mikono. Anikumbatie tu.

Ni mimi mdogo wako,
Cleopas