Ufunguo wa Gari Namba Tano

S.L.P. 418,
Embu.
Ijumaa, 16 Oktoba 1998.

Kwa kaka yangu mkubwa, Mithika,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako ambaye bado anapumua, anatembea na kulalamika kama unavyomjua. Goti la kulia hunisumbua asubuhi, lakini likishapata joto hunifikisha sokoni na kunirudisha. Natumaini wewe na shemeji Kathambi mko salama huko Mitunguu, kwamba ile mipira ya kunyunyizia maji ilitengenezwa, na kwamba migomba ya upande wa chini haijaangushwa tena na upepo. Kazi yako ya ukatekista nayo Mungu aitie nguvu. Barua hii utakuwa umepewa na shemeji mkononi, na utaona bahasha haina stempu. Nakuomba usimuulize ameipata wapi mpaka uimalize yote.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Uliandika kwamba umemfungia Mwiti geti na hutaki mwanao akanyage boma lako tena, kwa kuwa amekuaibisha mbele ya waumini unaowafundisha amri za Mungu. Ukaniomba nikueleze yaliyotokea Gachoka, maana mimi nilikuwapo na tangu utoto sijui kusema uongo. Ukasema nikithibitisha tu, lile shamba ulilomgawia kando ya mfereji utampa mdogo wake, na jina la Mwiti halitatajwa tena mezani kwako. Ile sentensi ya kwamba sijui kusema uongo nimeisoma mara nyingi sana.

Basi nianze na mchezo wenyewe, maana najua wewe magari unayajua kwa vumbi lake tu. Kuna bwana mmoja wa hapa Embu, Njuki, muuzaji wa vipuri, aliyeanzisha mbio za magari madogo. Sharti lake kuu ni kwamba kila gari liwe Starlet, la injini moja, uzito mmoja, na matairi ya aina moja, kusudi asiyekuwa na pesa aweze kushindana na mwenye pesa, na ashinde dereva, si mfuko wake. Mbio ni nne kwa mwaka, za barabara ya murramu isiyo na lami, na atakayekuwa na pointi nyingi mwishoni anapewa gari moja liwe lake. Nilipoelezwa hivyo nilifurahi kama mtoto. Nilidhani hatimaye kuna kitu katika nchi hii ambacho watu watakifanya wakiwa sawa.

Kaka, niliyoyaona mwaka wa kwanza yalinitia kinyaa. Kila mtu alikuja na Starlet yake, na karibu kila Starlet ilikuwa mwongo. Mmoja alichimba sponji yote kwenye viti akabakiza vitambaa, ukikaa unafika chini. Mwingine alitoa gurudumu la akiba akaweka karai la plastiki na kulifunika gunia. Kuna aliyetia injini ya gari kubwa na kuipaka masizi ionekane ya zamani, na kuna mwalimu mzima, tena wa hesabu, aliyepima gari lake likiwa na mawe manne chini ya kiti, kisha akayatupa kichakani alipopita kona ya kwanza. Wote hao ni watu wa kanisani. Wote walikuwa wakisalimiana na kushikana mikono kabla ya mbio huku kila mmoja akijua mwenzake ameficha nini.

Njuki alikuja nyumbani kwangu akiwa amechoka. Akasema ati amesikia mimi nilipima kahawa kwenye kiwanda miaka thelathini na hakuna mkulima aliyewahi kunipita na buni zilizoloweshwa maji ziongeze uzito. Ni kweli. Nilikuwa nikiingiza mkono ndani ya gunia, na kama vidole vilitoka na unyevu ambao si wa umande, nilimrudisha mwenye gunia mbele ya watu wote bila kujali ni nani. Wengine walinichukia. Mimi niliwatazama tu jinsi ninavyotazama kupe.

Basi mwaka huu wa pili Njuki akabadilisha utaratibu. Alinunua Starlet nane yeye mwenyewe, zote nyeupe, akazipa namba na kuzifungia kwenye ua wake. Siku ya mbio, funguo nane zinavuliwa vibao vyake, zinabaki na namba ya rangi tu isiyopapasika, kisha zinatiwa kwenye kikapu cha kiondo, kiondo kinafunikwa leso, na kila dereva anaingiza mkono na kutoa ufunguo mmoja bila kuchungulia. Ukipata gari zuri ni bahati, ukipata bovu ni bahati, na mbio inayofuata mnachagua upya. Mshika kiondo akawa mimi. Niliapa mbele ya madereva wote kwamba sitampendelea mtu, hata wa damu yangu, na nilisema hivyo kwa kuwa Mwiti alikuwa mmoja wao.

Magari yenyewe yalikuwa sawa kwenye karatasi tu. Baada ya mbio mbili kila mtu alijua kwamba namba tatu inakohoa kwenye mlima na namba saba breki zake zinavuta kushoto. Namba tano ndiyo ilikuwa malkia. Kwa namba tano hata mimi na goti langu ningeshinda. Kijana mmoja wa mjini, Suleiman, mtoto wa mwenye bucha karibu na msikiti, aliipata mara zote mbili, ile ya Embu na ile ya Meru, akashinda zote. Mwiti alikuwa wa pili kwa pointi, na mara zote mbili alipata magari yanayofaa kubeba mkaa tu. Nakiri kwamba nilianza kumsema vibaya yule Suleiman. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba mtu hawezi kubahatika mara mbili, na kwamba watoto wa bucha wamezoea kubonyeza mzani kwa kidole. Sikuwa na ushahidi wowote.

Mbio ya tatu ilikuwa Gachoka, tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Unalijua lile joto la Mbeere. Mvua haikuwa imeonekana tangu Mei, na saa nane mchana hata mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye vivuli vya magari. Watu walijaa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, na mama mmoja aitwaye Rahema alikuwa akiuza soda kutoka kwenye pipa la barafu. Madereva walipanga foleni, nikatikisa kiondo. Wa kwanza alikuwa Mwiti. Aliingiza mkono, akakaa kidogo, akanitazama usoni, kisha akatoa ufunguo. Ulikuwa wa namba tatu, ile ya kukohoa. Wa pili alikuwa Suleiman. Aliingiza mkono na kuutoa haraka kama aliyeguswa na chura, akauinua ufunguo watu wauone. Akauliza mbona huu una baridi, na mbona vidole vyake vina maji, na maji Gachoka yanatoka wapi. Ulikuwa wa namba tano.

Pale pale kila mtu alielewa. Ufunguo ulikuwa umelazwa kwenye barafu ili mtu aliyeambiwa autambue kwa kupapasa. Na huyo Suleiman, kaka, ambaye angeweza kunyamaza na kuingia kwenye gari bora kwa mara ya tatu, aliuweka ufunguo juu ya meza na kusema hataki gari la wizi, funguo zirudishwe zichaguliwe upya. Njuki akamwita Rahema. Yule mama akasema ukweli wake bila kuongeza chumvi, kwamba barafu ameitumia kupoza soda tu, isipokuwa kipande kimoja alichoombwa na kijana yule mrefu wa Meru, akakibeba kwenye kitambaa. Akamwonyesha Mwiti, na watu wakasema basi ameupapasa ufunguo wake akaukosa.

Mwiti aliulizwa kama alichukua barafu, akajibu ndiyo, ameichukua. Akaulizwa ni ya nini. Akaulizwa ni nani aliyemsaidia, maana ufunguo hauwezi kujitembeza wenyewe kutoka kwenye barafu mpaka kwenye kiondo. Hakujibu neno. Madereva wenzake wakaanza kumzomea, wale wale wa karai na mawe, huku wamevimba kwa uadilifu. Mmoja alimtemea mate kwenye kiatu. Njuki akaamua kwamba afungiwe maisha, asikaribie mbio hizo tena. Akaletewa kitabu cha kumbukumbu, hukumu ikaandikwa, na chini ya hukumu ikawekwa sahihi ya mshika kiondo. Wakarudia kuchagua funguo, mbio zikaendelea. Mwiti alitembea kwa miguu kwenye jua lile mpaka barabara kuu.

Hiyo ndiyo habari uliyoipata, na mpaka hapo hakuna neno la uongo. Sasa nakuandikia ile sehemu ambayo hukuipata.

Barafu ile niliiagiza mimi. Nilimwambia Mwiti goti langu limevimba kwa safari, aniombee kipande kwa Rahema, naye akakimbia kuniletea kama anavyokimbia siku zote akitumwa na mkubwa. Nilienda nyuma ya lori moja lililoegeshwa kando ya uwanja, nikafunga ufunguo wa namba tano pamoja na barafu ndani ya kitambaa, nikautia kwenye kiondo watu wakiwa wameshaanza kupanga foleni. Haraka yangu ilinifanya nisahau kuukausha. Mimi, Kirimi wa mizani, niliyewarudisha watu miaka thelathini kwa ajili ya maji kwenye vidole. Mwiti alipofika mbele yangu nikamnong'oneza kwa Kimeru achukue wa baridi.

Hakuuchukua. Aliugusa, akaujua, akauacha, akatoa mwingine wowote. Ule mtazamo alionipa nilidhani ni wa kutoelewa. Ulikuwa wa kunionea haya.

Utaniuliza kwa nini. Nilimfundisha kuendesha, nikataka aonekane, na nionekane mimi kupitia kwake. Nilijiambia kwamba wote wanaiba, kwamba Suleiman anaiba, na kwamba namsawazishia tu mtoto wetu. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyasikia kwa wenye buni zilizoloweshwa, neno kwa neno, nami nilikuwa nikiyacheka. Mwiti alipoulizwa ni nani aliyemsaidia, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kiondo mkononi. Nilingoja anitaje. Alipokosa kunitaja nilipumua, kaka. Nilipumua kwa raha, kisha nikachukua kalamu nikatia sahihi. Nimeona mambo mengi ya kuchukiza katika mbio hizi, lakini hakuna lililonichukiza kama ile pumzi yangu mwenyewe.

Tangu umfukuze amekaa kwangu. Kila asubuhi ananichemshia uji, ananiuliza baba mdogo umeamkaje, goti linaendeleaje. Amenitengenezea bomba la maji la jikoni lililokuwa likivuja tangu mwaka jana. Hajawahi kuligusia jambo lile, hata kwa mzaha. Ninakunywa uji wake nikiutazama ukuta. Jana Njuki nilimpelekea barua yenye maneno haya haya, na kiondo chake, na nimemwambia awaite madereva wote awasomee. Kwa Suleiman nitaenda mwenyewe buchani kesho, mbele ya wateja wake.

Basi usimpe mtu mwingine shamba la Mwiti. Kama kuna jina la kutotajwa mezani, litakuwa langu, na sitakulaumu. Kama utaona inafaa, Jumapili uwasomee waumini barua hii badala ya mafundisho, usiruke mstari.

Nisalimie jirani zako wote, na umwambie shemeji Kathambi kwamba namwomba msamaha kabla ya watu wote, kwa sababu najua ndiye aliyelia zaidi. Mungu awalinde na awape mvua kwa wakati wake.

Sasa kuhusu stempu. Aliyeileta barua hii ni Mwiti. Nimemwambia ampe mama yake pale getini, asiingie, kwa kuwa ulimkataza na yeye hawezi kuvunja neno lako. Hajui nimeandika nini. Nimemdanganya kwamba nimekuomba machipukizi ya ndizi ya kupanda, na kwamba angojee mpaka utakapomaliza kusoma ili apewe ayabebe. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwenu. Kwa hiyo wakati huu unaposoma, kaka, yuko nje ya geti, amesimama juani, anangojea.

Mimi mdogo wako,
Salesio Kirimi.