Mfereji wa Ng'ambo

Jumatatu, 6 Juni 1983

Nimeteka maji ya nyumbani kabla ya kengele ya shule. Mtungi mmoja. Zamani ilikuwa miwili, wangu na wa dada yangu Mwende. Mfereji wa bomba uko ng'ambo ya barabara ya Mombasa, kwenye kona. Hapo ndipo lori lilipomgonga, mwezi wa pili. Sijalia tangu mazishi. Sijui kwa nini.

Mwalimu mkuu ametangaza kwamba Ijumaa itakuja kamati ya wataalamu wa usalama barabarani. Wanazunguka mahali penye ajali nyingi, kisha wanaishauri serikali. Kioko, tunayekaa naye dawati moja, alinong'ona kwamba wao wanalipwa kuitazama barabara, sisi tunaitazama bure. Tulicheka. Mimi pia, kidogo.

Jumatano, 8 Juni

Hakuna hesabu leo. Tumefanya mazoezi ya kuvuka. Mistari miwili, soksi juu, penye kibao cha picha ya watoto, mbali na kona. Kulia, kushoto, kulia tena. Mwalimu mkuu anataka wageni wakute shule yenye nidhamu. Hakuna anayevukia hapo siku nyingine.

Mama amesema mdogo wangu Mutua ataanza kuteka maji nami wiki ijayo, maana mtungi mmoja hautoshi. Mutua ana miaka saba.

Ijumaa, 10 Juni

Wamekuja. Wanaume watatu na mama mmoja mhandisi. Tulivuka vizuri sana. Walipiga picha, wakampongeza mwalimu mkuu, wakaanza kurudi garini. Nikajua basi, imekwisha.

Mhandisi hakuondoka. Alikuwa akiitazama mitungi yetu tunayoiacha penye ukuta wa jiko la shule mpaka jioni, bado imelowa. Akaja kwenye mstari wetu.

"Binti, maji haya mnateka wapi?"

Mwalimu mkuu alinitazama. Tumefundishwa tusiwaaibishe walimu mbele ya wageni. Tumefundishwa pia tusiseme uongo.

"Kule ng'ambo, mama. Kwenye kona."

"Nipeleke."

Nilimwonyesha tunaposimama, na jinsi lori lisivyoonekana mpaka limeshafika. Nilimweleza habari za Mwende. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma ubaoni. Aliwaita wenzake. Wakapima, wakabishana kuhusu matuta na vibao. Yeye aliuliza tu kwa nini maji yawe upande ule.

Mwalimu mkuu hajanisemesha.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani tumeiombea kamati. Nimemwomba Mama amwache Mutua kwanza, nitakwenda mara mbili mwenyewe. Akasema sawa.

Ijumaa, 22 Julai

Hakuna habari. Naenda mara mbili, asubuhi na jioni. Kioko anasema ushauri wa kamati umelala kabatini. Bado natumaini. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 27 Septemba

Mfereji mpya umefunguliwa, nyuma ya jiko la shule. Ndivyo kamati ilivyoshauri. Bomba limepita chini ya lami. Kioko anasema siku hizi maji ndiyo yanayovuka barabara. Mwalimu mkuu alicheka, akaniambia nitangulie kuteka.

Jioni nilikwenda na Mutua. Alibeba mtungi wa Mwende, umejaa nusu. Kabla ya kuondoka pale nilisimama, nikatazama kulia, kushoto, kulia tena. Hapakuwa na barabara. Kuku tu. Mutua aliuliza tunangoja nini.

Tukaenda nyumbani.