Ule Udongo wa Buluu

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani: zangu mimi mdogo wako, za Mama, na za Baba, ambaye amekaa hapa kando yangu akinihimiza niandike kwa herufi kubwa, kana kwamba huko uliko hakuna taa. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama limetulia, ila likiamua kumsumbua huchagua siku ya kufua. Je, wewe u mzima? Wifi yangu naye? Na huyo binti yenu, lile pengo la mbele limeshaota jino? Mama anauliza habari za jino hilo kila siku, utadhani bila jino mtoto hataruhusiwa kuingia ndani.

Kwanza nikushukuru kwa boksi lako. Nilipoliona limefungwa vizuri vile nikajua ni viatu vyangu, nikajipamba moyoni kabisa. Kumbe ni shampuu ya gari, chupa ya polishi, vitambaa laini vinne na donge la udongo wa buluu. Mama aliunusa ule udongo, akauliza kama unaliwa. Barua yako nayo niliisoma kwa sauti mbele yao wote wawili. Umesema unataka Baba aje kuwapokea uwanja wa ndege na gari likiwa linang'aa kama siku alipolinunua, na kwamba safari ya kwanza ya mwanao nyumbani iwe mikononi mwa babu yake. Pia umesema mimi nisiuguse usukani, kwa sababu mtu aliyeng'oa kioo cha pembeni kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe hawezi kuaminiwa na barabara ya mwendo wa saa tatu. Sehemu hiyo niliisoma haraka. Nitairudia huko mbele, kwa hiyo usinigombeze tena mpaka umalize barua.

Sasa nikusimulie kazi yenyewe, maana najua hata wewe hujawahi kuifanya, wewe uliagiza tu. Jumamosi nilipotoka bekari nikamkuta Baba ameshalisogeza gari kwenye kivuli cha nyumba na kuweka kigoda chake karibu. Unamkumbuka alivyo. Miaka thelathini dereva wa ofisi, na wakubwa walikuwa wakifungia tai zao kwa kujitazama kwenye mlango wa gari lake. Alinipa karatasi ya maelezo nimsomee, akilalamika kwamba siku hizi watu wanawaandikia sisimizi. Nikamsomea. Akasema hayo yote anayajua isipokuwa udongo, na kwamba mimi ndiye nitakayeosha, yeye atasimamia.

Kumbe kuosha gari ni elimu, Kaka. Boneti lazima liwe limepoa, la sivyo sabuni inakaukia juu na kuacha madoa. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia sponji, maana ukitumia moja tu unalisugua gari kwa mchanga wake mwenyewe. Tairi zina kitambaa chao, wala hakipandi juu. Halafu unaanzia paani unashuka. Mimi nikaanzia milangoni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na matope, na Baba, akiwa kwenye kigoda na uso ameuelekeza kwingine, akaniambia nimeanzia chini. Nilimuuliza amejuaje. Akasema anasikia maji yanavyodondoka.

Tulipomaliza nikaona gari limetakata, nikataka kwenda kuoga. Baba akaniambia nivae mfuko wa plastiki mkononi, ile mifuko yetu ya mikate, kisha nipapase boneti taratibu. Nilishtuka. Rangi niliyoiona safi ilikuwa na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ni chembe za lami, utomvu wa miti na vumbi la chuma, vitu ambavyo maji na sabuni haviviwezi. Hapo ndipo udongo wako unapoingia kazini. Unaumwagia maji ya sabuni ili uteleze, unaupitisha polepole bila kukandamiza, na ukichafuka unaukunja kupata upande safi. Baba alisema mtu anayekanda unga kila alfajiri hana kisingizio.

Mwishowe kigoda kilimshinda. Akainuka, akavaa mfuko mkononi, akawa ananifuata nyuma akikagua. Hapa bado, anasema. Nikitazama sioni kitu, nikigusa nakikuta kipele. Hapa pia. Hakukosea hata mara moja. Nilijivunia kuwa binti yake, nakuambia kweli, na nikawa nafikiria nitakavyokuandikia kwamba mzee bado ni yule yule.

Kisha akauchukua udongo afanye mlango mwenyewe, ukamponyoka. Ulianguka kwenye saruji, hatua moja kutoka kiatu chake. Buluu ile juu ya saruji nyeupe, hata mtu aliye barabarani angeiona. Baba aliinama akaanza kupapasa chini. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, vidole vikipita kando ya udongo bila kuugusa, na macho ameyakaza pale pale ulipo. Mimi nilisimama na kitambaa mkononi. Maelezo yalisema udongo ukianguka usiutumie tena, kwa sababu unabeba mchanga na kuichanachana rangi. Basi nikauokota, nikasema umeharibika, nikamkatia kipande kingine. Aliniambia asante kwa sauti ndogo.

Tukafika kwenye polishi. Unapaka kidogo kidogo kwa mizunguko midogo, unaacha ikauke iwe kama ukungu mweupe, kisha unaifuta kwa kitambaa kikavu. Baba alifuta mlango wa nyuma mwenyewe, kwa nguvu zake zote. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni. Pembeni mlango uling'aa, lakini katikati lilibaki doa jeupe kubwa kama sinia.

"Unajiona humo?" akaniuliza.

"Najiona, Baba."

Akakikunja kitambaa chake. "Basi una bahati. Mimi sijajiona tangu mwaka jana."

Kaka, samahani kwa kukuletea habari hii kwenye karatasi. Baba haoni vizuri. Pembeni anaona, lakini katikati pamekaa ukungu, na kile anachokitazama ndicho kinachopotea. Mwaka mzima amekuwa akiendesha kwa mazoea na kwa masikio. Alificha kwa sababu alijua akisema tu atanyang'anywa funguo, na bila funguo hakujua atabaki kuwa nani. Baadaye barua yako ikaja ya kumkabidhi mjukuu. Aliniambia tangu siku ile hajala akashiba, maana kukataa ni aibu na kukubali ni kumtia mtoto hatarini.

Na sasa lile la kioo. Si mimi niliyekivunja. Siku ile nilirudi kutoka kazini nikakuta kioo kinaning'inia kwa waya, Baba amesimama kando yake na funguo amezikumbatia kifuani, na Mama anatoka jikoni akiuliza nani kafanya hivi. Nilimwona Baba usoni. Sijui kilichonipata, nikasema ni mimi, nilikuwa nalisogeza gari nifagie. Na Baba, mtu aliyetuchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari, akauacha uongo wangu upite. Niliumia sana, na kwa wiki kadhaa tulikuwa tunasalimiana tu. Nilidhani ni kiburi. Siku ya polishi akaniambia kwamba nguzo ile hakuiona kabisa mpaka alipoisikia, na kwamba kila aliponitazama akitaka kuniomba radhi, uso wangu ulikuwa haupo. Tulilia pale kando ya ndoo zetu mbili, kisha nikampa kitambaa, akalifuta lile doa mwenyewe huku namwelekeza, kushoto kidogo, juu kidogo, hapo hapo.

Mama hakupiga kelele kama tulivyoogopa. Alisema tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akakaa chini akalia, kwa kuwa mwaka mzima amekuwa akimgombeza Baba kwa kumimina chai hadi kwenye kisahani. Jumatatu tukaenda naye kwa daktari wa macho. Alisema kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa matibabu, na Baba ameshayaanza. Alisema pia kwamba mwaka mwingine wa kuficha ungechukua na hicho kilichobaki. Kwa hiyo asante, Kaka. Wewe ulidhani unatuma vitu vya kusafishia gari. Nami namshukuru Mungu kwa vidole vilivyoponyokwa na ule udongo.

Jioni ile ile Baba aliniita mbele ya Mama, akaniwekea funguo kiganjani. Alisema miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeumia ndani ya gari lake, na angependa kumaliza hivyo. Leseni yangu unaijua, ninayo mwaka wa pili, ila Baba hakuwahi kuniruhusu niendeshe kupita sokoni. Sasa kila siku nikitoka kazini anakaa kando yangu na kunifundisha upya. Gia anaisikia kabla sijaikosea. Barabara ya uwanja wa ndege tumeshaimaliza mara tatu, kwenda na kurudi, na safari ya mwisho alisinzia njiani. Mama anasema mumewe hajawahi kusinzia katika gari la mtu yeyote. Hicho ndicho cheti changu, kama bado una wasiwasi.

Basi tutakuja wote, na usukani nitakuwa nao mimi. Baba ndiye aliyetaka nikuandikie mapema, usije ukayagundua mbele za watu. Nakuomba usimwonee huruma waziwazi, na usimletee fimbo. Jambo moja tu: ukitoka mlangoni usimkimbilie ukasimama mbele ya uso wake, hapo ndipo penye ukungu. Simama pembeni kidogo, upande wa bega la kulia, kisha umwite. Mwambie na mtoto afanye hivyo hivyo, mfanyie iwe kama mchezo.

Baba mwenyewe yuko kwenye mazoezi. Ile picha ya binti yenu iliyokuja ndani ya barua yako anakwenda nayo mlangoni penye mwanga, anaisogeza karibu na sikio, anatazama ukuta, anacheka peke yake. Nilipokuwa naanza barua hii ndivyo alivyokuwa. Sasa hivi amemwita Mama na kumwambia aache kuwasumbua watu, jino limeanza kuchungulia. Nimeichukua picha nikaitazama vizuri. Ni kweli, Kaka. Limechungulia. Kwa hiyo lile swali la hapo juu usilijibu.

Mama anawasalimu, anasema mje na njaa. Baba anasema mfunge mikanda. Mfikishie wifi salamu zangu za upendo, na mbusu mtoto kwa niaba ya babu yake.

Ni mimi mdogo wako,
mkanda mikate, na sasa dereva wenu.