Kuhusu Kuunganisha Sato na Sangara

Bweni la wavulana,
Kiseke, Mwanza.
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Nyangeta,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha vumbi la chaki kimekuacha, na kwamba mama ameacha kubeba ndoo mbili kwa mara moja kama alivyoahidi. Mimi mwili ni mzima. Miwani uliyoifunga kamba haijaanguka tena. Ila moyo hauna raha wiki hii, na kwa kuwa jambo lenyewe litafika mpaka darasani kwako, ni vizuri ulisikie kwangu kabla mwalimu wetu wa kompyuta hajaja huko mwisho wa muhula kubadili mfumo wa mashine zako.

Ni kuhusu Sato. Likizo ile nilipozifunga zile kompyuta nne kuukuu darasani kwako, uliniuliza Sato ni nini, nami kwa aibu nikakujibu maneno mawili. Sasa nieleze vizuri. Kila kompyuta ina mfumo unaoamka kwanza ukiiwasha, na kazi nyingine zote zinakaa juu yake. Ipo mifumo ambayo ni huria: yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadili na kuigawa bure. Klabu yetu ilichukua mmoja, tukaupunguza uweze kwenda kwenye mashine dhaifu, tukaupa maneno ya Kiswahili. Huo ndio Sato. Shule moja ya Igoma ilifanya vilevile bila sisi kujua, nao wakachukua jina la samaki, wakauita wa kwao Sangara.

Tumetaniana sana. Wao husema chakula cha sangara ni sato. Sisi huwajibu kwamba sangara wao anapelekwa kwa wageni, sato ndiye anayebaki sufuriani kwetu. Lakini mwezi uliopita tuligundua kwamba wiki ileile pande zote mbili zilihangaika na tatizo lilelile la mashine ya kuchapisha, kila mtu kivyake. Mwalimu akasema huo ni upuuzi, tuunganishe, uwe mfumo mmoja. Kwa akili, naona yuko sahihi. Klabu yetu tumebaki watano, na watatu kati yetu wako kidato cha nne. Wao wako wengi.

Wiki iliyopita, Jumamosi, siyo ya jana, wakaja, tukakaa maktaba. Kiongozi wao anaitwa Kulwa, wa kidato cha tano, mtaratibu, shati limenyooshwa pasi. Alisoma orodha ya vitakavyobaki na vitakavyoondolewa. Nilikuwa nafurahi mpaka alipofika kwenye kitu changu.

Wewe unakijua, ila hukujua ni mimi niliyekiweka. Mtoto akiandika "chora", ukurasa wa kuchora unafunguka. Akiandika "chola", unafunguka vilevile. "Rudi" na "ludi" ni mamoja. Niliiandika sehemu hiyo peke yangu, na sababu yake sijawahi kukuambia. Kidato cha kwanza nilisimamishwa kusoma kwa sauti somo la uraia, nikasoma kwamba kila mwananchi ana haki ya kupiga kula. Tangu siku hiyo jina langu hapa ni Kula.

"Hii iondoke," Kulwa alisema. "Mfumo wa kusomea hauwezi kukubali makosa."

Yona, ambaye tunalala naye kitanda cha juu na chini, akasema, "Siyo makosa, ni lafudhi."

"Lafudhi iko mdomoni. Kwenye maandishi ni kosa. Mtoto akiandika kula, mashine imfungulie uchaguzi?"

"Muulize Kula mwenyewe," mmoja wetu akasema, "si huyo hapo."

Wakacheka, wa kwetu na wa kwao. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Dada, nilikuwa nimeyaandika maneno ya kusema, na daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Nikaangalia meza. Mwalimu akaandika kwamba wote wamekubali.

Baadaye nilimfuata Kulwa bombani, ananawa mikono. Nikamwambia ile sehemu ni yangu.

"Nilihisi," akasema. "Umeiandika vizuri. Siyo kwamba ni mbaya."

"Sasa mbona unaitoa?"

Akakung'uta mikono taratibu. "Nyumbani naitwa Kulwa. Aliyejaza cheti changu cha kuzaliwa akaandika Kurwa. Cheti cha darasa la saba kinasema Kulwa. Herufi moja tu, bwana mdogo, na baba amezunguka ofisi mpaka amechoka. Hakuna hata mmoja aliyetuambia ni mamoja. Wewe unawafundisha watoto kwamba watafunguliwa tu. Hawatafunguliwa."

Nimetafuta jibu la kumpa wiki nzima, hata kanisani leo sikusikia mahubiri. Nimemfikiria Majura, yule mtoto wako asiyesema darasani. Siku ile ya kwanza ya mashine aliandika chola kwa kidole kimoja, akafumba macho kama anayengoja kiboko. Ukurasa ukafunguka, akakaa pale mpaka kengele. Nawe uliniandikia baadaye kwamba ameanza kuandika chora mwenyewe, kwa kuwa neno liko juu ya ukurasa na analiona kila siku. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia Kulwa: kwamba aliingia kwanza, kisha akajifunza. Lakini mtoto mmoja si ushahidi, na Kulwa si mtu wa kudanganywa kwa hadithi.

Ningeweza kubaki na Sato wangu, kwa kuwa ni huria hakuna wa kunizuia. Nikimaliza shule nani atautunza? Zile mashine zako zitakwama siku moja na hakutakuwa na wa kumuuliza. Kwa hiyo leo asubuhi nimempelekea mwalimu karatasi. Nimeandika kwamba nataka tuungane, kwamba sitaki sehemu ile iondolewe, na kwamba nilinyamaza kwa woga, si kwa kukubali. Akaisoma mara mbili. "Watakuja tena Jumamosi hii," akasema. "Utasema mwenyewe mbele yao. Mimi sitakusomea."

Barua hii anakuja nayo mama mdogo Tabitha, anayepanda basi la Musoma kesho. Jibu lako mpe Alhamisi anaporudi. Nisalimie mama, na baba akitoka ziwani. Msalimie mjomba Magesa, fundi wa injini za mitumbwi, mwambie bisibisi yake ninayo na sijaipoteza. Na shangazi wa kwaya, mwambie bado naimba, ila nyuma.

Ninachokuomba, dada, ni hiki. Kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi, waache watoto wakae kwenye zile mashine, na kila neno wanaloliandika ulinakili kwenye karatasi, na jina la mtoto pembeni. Wale walioanza na chola wakafika kwenye chora, waandike. Wale ambao hawajafika mpaka leo, nao waandike, hata kama watampa Kulwa ushindi. Najua wewe ni mwalimu na mkono utakuwasha. Tafadhali, usiwasahihishe kwanza.

Mdogo wako, anayeiogopa Jumamosi lakini atakwenda,

Bwire