Pikipiki ya Majini Inavuja na Harusi ya Binti Yangu Inakaribia

Shangazi Lorraine, naiandikia safu yako ya ushauri nikiwa na grisi hadi kwenye nyusi, niokoe kabla sijafanya ujinga mwingine.

Mimi ni mwanamume wa makamo, naishi hapa hapa Ziwa Minnow, kaskazini mwa Wisconsin, na nina pikipiki ya majini niliyoitunza tangu binti yangu Britta akiwa hafikii hata usukani, na tangu siku hizo nilimwahidi kwamba siku akiolewa nitampakia nyuma na gauni lake na kumleta mwenyewe hadi gatini, wageni wakipiga makofi, na yeye hajasahau, na harusi ni Agosti hii, na pikipiki inavuja.

Inavuja pale shafti inapotoka kwenye injini kwenda nyuma kusukuma maji, penye ule mpira wa mikunjo na pete nyeusi ya kaboni, nikiiacha gatini usiku asubuhi naikuta imezama makalio kama bata mgonjwa, basi nikapaka silikoni kuizunguka pete yote, ikavuja, nikaongeza grisi, ikavuja tena na sasa kila kitu kinateleza, mke wangu Jeanette akachungulia akaniuliza, “Unatengeneza au unapamba keki?” na tangu hapo simwambii kitu.

Najua dawa ni kubadilisha pete na mpira wake, lakini ili vitoke lazima mtu akandamize kola ya chuma kwenda nyuma kwa nguvu zake zote, na wakati huo huo mwingine achomoe kiklipu kilichojificha chini yake, na mikono yangu mimi ni kama mikate ya boflo, kazi ya klipu siku zote ilikuwa ya Britta mwenye vidole vyembamba, na Britta hasemi nami.

Kisa chenyewe ni kidogo tu. Mchumba wake, Efrén, kijana wa Arizona, alikuwa anarudisha trela nyuma kwa pikapu yangu kwenye mteremko wa kushushia boti, ilikuwa Jumamosi, foleni ndefu, trela ikajikunja ubavuni mwa pikapu, nami nikamsaidia. Basi. Nilimsaidia tu! Britta akashuka kwenye pikapu, wakaondoka wote wawili kwa miguu, na sasa kampigia mama yake simu kusema kwamba mambo yakibaki hivi ataletwa gatini na mjomba wake Duane, kwa ile boti yake bapa yenye mapazia na friji. Shangazi, Duane! Mtu anayeendesha boti na soksi miguuni!

Niambie, kuna gundi gani ya kuziba hapo, ambayo mtu anaweza kuipaka akiwa peke yake?

Mimi, Mikono Minene.

*

Vern,

Jina la bandia unalipeleka wapi, kwenye ziwa ambalo tunajuana hadi kwa mlio wa injini? Isitoshe, Jumamosi ile nilikuwa kwenye foleni, gari la nyuma yako, dirisha wazi.

Pole sana. Nasema pole ya kweli, maana naijua ahadi hiyo. Britta alikuwa akiwasimulia watu wote kwenye mlo wetu wa samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa, enzi hizo meno ya mbele hana. Lakini sasa kaa chini.

Umeandika kwamba “ulimsaidia.” Hukuandika kwamba ulifungua mlango, ukaushika usukani mikono ya mwenzio ikiwa bado juu yake, ukapaza sauti ikasikika hadi ng'ambo: “Teremka bwana, hii ni trela, siyo ngamia!” Arizona hakuna ngamia, Vern. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona yule kijana amesimama pembeni anaangalia viatu vyake. Alibakiza kidogo tu aweze. Na wewe ulipoizamisha pikapu ya baba yako pale pale, mpaka taa za mbele zikawa zinawamulikia samaki, marehemu alikaa gatini akavuta sigara yake, hakukuambia neno. Ulijifunza au hukujifunza?

Haya, tuje kwenye uvujaji. Gundi ya kuziba hapo haipo, acha kuitafuta. Pete ile inazuia maji kwa kusuguana na uso wa chuma, safi kwa safi. Wewe umeipaka silikoni na grisi ukainyima kazi yake. Bandua takataka zote hizo, futa mpaka pang'ae. Halafu hakikisha maji yanaingilia wapi hasa. Pikipiki ibaki imefungwa kwa mshipi kwenye trela, kaza vizibo vya nyuma, toa kiti, shusha trela mpaka sehemu ya shafti iwe chini ya maji, injini imezimwa, kisha inama na tochi uangalie. Yakitokea kwenye ncha ya mpira, huenda ni kibano chake kimelegea tu. Yakipenya kati ya pete na chuma, pete imelika, au mpira umechoka hausukumi tena, na hapo mtalazimika kukandamiza kola na kuchomoa shafti, na vidole vya Britta vitahitajika.

Umeona lakini? Mtu mmoja yuko juu na tochi, mwingine yuko kwenye usukani wa pikapu. Kazi hii haijawahi kuwa ya mtu mmoja, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kwenda dukani.

Kwa hiyo usimpigie Britta. Mpigie Efrén. Usianze na hali ya hewa, wala usizunguke kama tulivyozoea huku kwetu. Sema, “Nilikukosea mbele za watu, samahani. Nahitaji mtu wa kunirudishia trela.” Halafu nyamaza umsikilize. Na iwe Jumamosi, foleni ikiwa ndefu vile vile, maana ulimwaibisha mchana na watu wakiona.

Siku hiyo wewe panda juu ya pikipiki, ukae na tochi yako, yeye arudishe nyuma, mgongo wako ndio utangulie majini. Trela ikienda kombo, iache iende kombo. Foleni ikipiga honi, nitashuka mimi niwanyamazishe. Britta atakuwepo tu. Mchumba wake yuko kwenye usukani na baba yake yuko juu ya trela, unadhani atabaki nyumbani?

Na Efrén akichungulia dirishani akakuuliza, “Mzee, kushoto au kulia?” wewe mjibu, “Unavyoona wewe, mwanangu.”